Kuosha santuri nyumbani Nairobi: kazi kubwa ni ya maji

Watu wanaoniletea santuri hapa Buruburu huanza kwa kuuliza habari za mashine: ni ya kampuni gani, niliipata wapi, ni pesa ngapi. Nami huwauliza, kwenu mnatumia maji gani? Mashine yenyewe, yaani beseni la kuoshea santuri, ni chombo rahisi mno. Halina umeme wala mota. Lina brashi, mahali pa santuri kuzungukia, na mkono wako ndio injini. Kitakachoamua kama santuri itatoka inaimba vizuri au itatoka na kelele ambazo haikuwa nazo ni maji, hasa yale unayoyaacha yakaukie juu yake.

Sababu iko ndani ya mfuo. Upande mmoja wa santuri kwa kawaida una mfuo mmoja tu, unaozunguka kutoka ukingoni hadi karibu na lebo (nikisema mifuo, namaanisha mizunguko yake), na upana wake haufiki sehemu ya kumi ya milimita. Sindano hushuka humo ikagusa kuta zote mbili. Tone la maji yenye chumvichumvi likikauka humo, maji huenda zake, chumvi hubaki imeng'ang'ania ukutani. Kwa macho huioni. Sindano ikifika hapo, spika inatatarika. Mtu huja akaniambia, "Mama, nimeiosha vizuri na bado inatatarika," kumbe anachokisikia ni maji yale yale aliyooshea.

Sasa maji ya jiji letu. Ya mfereji kwa sehemu kubwa hutoka bwawa la Ndakaini, kule Murang'a, na hayo si maji magumu. Lakini ni nyumba ngapi huyapata kila siku? Mgao ukiingia, tangi la ploti hujazwa na boza, na boza nalo limechota kisimani. Maji ya visima vya Nairobi yana madini mengi, floraidi ikiwemo. Huna haja ya maabara kujua yako ni yapi: fungua birika la umeme utazame chini. Ukiona ukoko mweupe, hayo maji usiyamalizie nayo santuri.

Mimi husuuza kwa maji yaliyokenekwa, yale ambayo madereva huyaita maji ya betri. Yanapatikana kwenye vituo vya petroli na maduka ya vipuri vya magari. Soma maandishi ya chupa kwa utulivu, kwa sababu maji ya betri na asidi ya betri hukaa rafu moja, na asidi inaunguza ngozi na macho. Chupa isiyo na maandishi usiinunue hata ukipunguziwa bei. Maji ya kunywa ya chupa siyatumii. Mengi yameachiwa au yameongezewa madini ili yawe na ladha, na sisi ladha hatuihitaji.

Mpwa wangu anayenisaidia wikendi aliniuliza, "Shangazi, si tuoshe yote na ya mfereji tupunguze gharama?" Nikamwambia aoshe nayo, ila asisuuze nayo. Ndivyo tunavyofanya mpaka leo. Raundi ya kwanza, ya kutoa matope na mafuta, inaweza kuwa ya maji ya mfereji yaliyotulia usiku kucha kwenye ndoo yenye kifuniko, ukachota ya juu na kuacha mashapo chini. Maji ya mwisho kugusa santuri ndiyo lazima yawe hayana kitu.

Kuhusu mashine yenyewe sitakaa sana. Zinazojulikana ni mbili. Spin-Clean ya Marekani ni beseni jembamba lenye brashi mbili zinazotazamana na magurudumu madogo ambayo unayahamisha kufuata ukubwa wa santuri: inchi 7, 10 au 12. Knosti Disco-Antistat ya Ujerumani hubana santuri katikati kwa vifuniko viwili vinavyoziba lebo isilowe, na ukishaosha unaiacha ikauke kwenye kichanja chake. Ukiwa na LP nyingi, zile santuri kubwa za nyimbo nyingi, ya kwanza inakwenda haraka. Ukiwa na santuri ndogo ambazo lebo zake unazionea uchungu, ya pili ina faida. Zipo na nyingine zinazofanana nazo, na nyingi zinafanya kazi, mradi brashi ziwe laini na zifikie mifuo yote bila kusugua lebo.

Kabla ya kuosha chochote, jua una santuri ya aina gani. Zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika, zinazovunjika zikianguka, nyingi zimetengenezwa kwa shelaki, utomvu unaotolewa na wadudu wa Asia. Santuri alizorekodi Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, huko Bombay mwaka 1928 ni za zama hizo. Alkoholi huyeyusha shelaki. Dawa ya kuoshea yenye alkoholi, na ya Knosti ni mojawapo, isiguse santuri hiyo hata kidogo. Mimi santuri hizo siziweki kabisa kwenye beseni. Nazifuta kwa kitambaa kilicholowa maji safi kidogo, nazikausha papo hapo. Mwongozo huu ni wa vinili, zile santuri za plastiki.

Haya, tuanze. Kwanza kaa na santuri ikiwa kavu. Ishike ukingoni kwa viganja, zima taa ya dari, kisha washa tochi ya simu na uilaze ili mwanga upite juu ya santuri kwa mshazari. Hapo ndipo utaona kila kitu: alama za vidole, vumbi, utando wa kuvu, mikwaruzo. Pitisha ukucha taratibu kwenye mkwaruzo. Ukikwama, huo ni jeraha na maji hayataliponya. Ukipita bila kukwama, huenda ni wa juujuu na sauti haijaguswa sana.

Kisha toa vumbi kavu kwa brashi laini, ukifuata mzunguko wa mifuo. Hatua hii wengi wanairuka na inaniuma, maana udongo wetu haufanani na vumbi la kabatini. Santuri zilizotoka Kikuyu au Limuru huja na udongo mwekundu. Za Kitengela huja na ule mweusi wa kunata. Ukiziingiza kwenye beseni hivyo hivyo, chembe zote zitahamia kwenye brashi, na santuri utakayoosha baadaye ndiyo itakayosuguliwa nazo.

Maji ya kuoshea yawe ya baridi ya kawaida au ya vuguvugu kama ya kuogeshea mtoto mchanga, yasizidi hapo. Vinili ikipata joto hupinda, na ikipinda kuinyoosha ni shida kubwa. Jaza beseni mpaka kwenye mstari uliowekwa na mtengenezaji. Mstari huo una sababu yake: maji yakizidi yatapanda kwenye lebo, yakipungua mifuo ya ndani karibu na lebo itabaki kavu. Weka dawa kwa kipimo kilichoandikwa. Povu jingi halisafishi zaidi; linakuongezea tu kazi ya kusuuza. Dawa ikikuishia, tone moja au mawili ya sabuni ya vyombo isiyo na manukato yatakuvusha, kwa sharti usuuze mara mbili. Sabuni ya kufulia, maji ya kulainisha nguo na dawa ya kung'arisha vioo viache pale pale vilipo.

Lowesha brashi kwanza, zikae kwenye maji kwa muda nywele zake zilainike. Ingiza santuri katikati yake pole pole na uizungushe kwa viganja vya mikono miwili, ukigusa ukingo tu. Maelekezo ya Spin-Clean ni mizunguko 3 kwenda na 3 kurudi. Kwa LP iliyotunzwa vizuri hiyo inatosha. Kwa santuri ya mtumba, mimi nazungusha mara moja ilowe kote, halafu naiacha itulie. Nasogeza robo, naiacha tena. Nasogeza robo nyingine. Ninayapa maji muda wa kuingia mfuoni na kulainisha kilichogandamana. Baada ya hapo ndipo nazungusha mfululizo, polepole, kwenda na kurudi. Nguvu haisaidii. Ukiikandamiza chini, magurudumu yanakwama na brashi zinalala badala ya kuingia mfuoni.

Inyanyue utazame maji yanavyotiririka. Penye usafi, maji yenye dawa hutandaa yakashuka kama utando mmoja. Pakiwa na mafuta, utando unachanika na matone yanajikusanya kando. Sehemu hiyo inarudi kwenye beseni. Mara nyingi ni pembeni kabisa, mahali palipokuwa pakishikwa na vidole miaka yote.

Sasa niseme kidogo kuhusu santuri za inchi 7, zile za benga na rumba zilizochapwa hapa Nairobi miaka ya 1970, kwa sababu hizo ndizo zilizonifanya nipende kazi hii, na ndizo zinazokuja na taabu kubwa. Ukienda Kenyatta Market utazikuta zimepangwa, nyingi zimepoteza bahasha zake. Zimepita kwenye baa, kwenye mashine za muziki za kutumbukiza sarafu, kwenye masanduku chini ya vitanda. Mbele yangu sasa hivi kuna moja: upande wa A una doa la bia kubwa kama shilingi ishirini, limekauka likawa na ukingo wa hudhurungi, na ndani ya ukingo huo vumbi limeganda mpaka mifuo haionekani. Kwenye lebo mtu ameandika jina lake kwa bairo ya buluu, akaongeza namba, nadhani ya kupanga zake. Pembeni kuna muhuri wa duka, nusu umefutika.

Doa la bia ni sukari na vumbi, na sukari huyeyuka kwa maji ya vuguvugu bila ugomvi. Kabla ya kuingiza santuri kwenye beseni nachovya pamba kwenye maji yenye dawa, nailaza juu ya doa, naiacha kwa dakika chache, kisha naiinua pamoja na uchafu wake bila kusugua. Narudia mpaka pamba itoke nyeupe. Nikipima kwa tochi, mifuo inaanza kung'aa tena, mmoja mmoja, kutoka ukingoni mwa doa kuja katikati. Usichokonoe kwa ukucha wala kijiti cha meno.

Lebo ndiyo inayohitaji ulinzi. Karatasi yake haikubandikwa kwa gundi. Ilishikana na vinili chini ya joto na mkandamizo siku santuri ilipochapwa, kwa hiyo unyevu kidogo hauibandui. Lakini wino wa bairo hutiririka, muhuri hufifia, na rangi ya karatasi huingia madoa. Kwenye santuri ya inchi 7, mifuo imesogeleana sana na lebo, na maji ya beseni yanacheza karibu mno. Mimi nilimpa fundi wa jua kali Kamukunji vipimo, akanikatia visahani viwili vya plastiki ngumu vyenye upana wa lebo, na pete za mpira wa tyubu ya gari kwa ndani. Santuri inakaa katikati, bolti inapita tunduni, nati inakaza kwa vidole. Kwa santuri zenye tundu pana la katikati, weka kwanza kile kiziba cha plastiki kinachopunguza tundu. Jina la mwenye santuri aliyeinunua kwa mshahara wake wakati huo lina haki ya kubaki pale alipoliandika, na siku hizi ni vigumu kupata ushahidi mwingine wa nani alikuwa akisikiliza nini.

Kuvu ni habari nyingine. Santuri za Mombasa na za Kisumu huja nayo mara nyingi, na hata hapa Nairobi baridi ya Julai ikikuta kasha limewekwa sakafuni, inaota. Vaa barakoa, fanyia kazi nje au penye dirisha wazi, na itoe ikiwa kavu, mbali na santuri nyingine. Hapa maji matupu hayatoshi. Changanya sehemu 1 ya alkoholi ya isopropili na sehemu 4 za maji ya betri, ulowanishe kitambaa laini ufute kufuata mifuo, kisha uoshe kama kawaida. Isopropili huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki, kama yale ya Luthuli Avenue. Isikae karibu na jiko, inashika moto haraka. Usibadilishe na spiriti ya kupaka vidonda, ambayo huweza kuwa na mafuta ndani yake, wala ile ya zambarau ya kuwashia taa, ambayo ina rangi. Na bahasha ya karatasi iliyoota kuvu itupe. Ukiirudishia santuri humo umepanda mbegu upya.

Sasa kusuuza, ambako ndiko hasa nilitaka ufike. Santuri ikitoka kwenye beseni la dawa isipate nafasi ya kukauka hata kidogo. Ukiwa na beseni la pili, lijaze maji ya betri matupu, brashi zake zisiwe zimeguswa na sabuni, uizungushe humo kama mwanzo. Kama unalo moja tu, tumia chupa ya kubinya yenye mdomo mwembamba: isimamishe santuri kwa mshazari juu ya karai, anza karibu na lebo ukishuka ukingoni, ukizungusha, pande zote mbili. Maji yaliyobeba uchafu yateremke, yasirudi juu. Ukiona povu hata dogo linaning'inia chini, endelea.

Halafu ipanguse. Shika vitambaa viwili vya maikrofaiba, cha kwanza cha kunyonya maji mengi, cha pili cha kumalizia. Futa kwa kuzunguka, ukifuata mifuo, usikate katikati. Taulo za bafuni na fulana za mitumba zinaacha nyuzi. Hizo tumia kufutia meza. Vitambaa vya maikrofaiba vifuliwe peke yake, bila dawa ya kulainisha nguo, na visuuzwe mpaka maji yawe angavu.

Baada ya kupangusa, isimamishe kwenye kichanja cha vyombo kisichokuwa na kutu, mbali na jikoni kwa sababu mvuke wa mafuta ya kukaangia husafiri. Funga dirisha linalotazama barabarani. Jua hapana. Jua letu la saa saba mchana linaipinda santuri nyeusi kabla hujamaliza chai, na kwenye kamba ya nguo upepo utailetea vumbi jipya ingali na unyevu. Januari na Februari inakauka upesi, ila hewa kavu ya miezi hiyo huleta umeme tuli na santuri inavuta vumbi, kwa hiyo iingize kwenye bahasha mapema. Juni na Julai ipe muda zaidi. Kama una shaka, tazama ule ukingo kati ya lebo na mifuo ya mwisho. Hapo ndipo unyevu hujificha.

Bahasha iwe mpya, ya plastiki laini au ya karatasi yenye plastiki ndani. Ile kuukuu iliyokuja nayo, kama ina picha au maandishi, ihifadhi ndani ya kava bila kuitumia. Safisha na sindano pia: brashi ndogo kavu, kutoka nyuma kuja mbele, kamwe usirudishe nyuma, kwa sababu mkono wake ni mwembamba na unapinda.

Ukiicheza, sikiliza kelele zilizobaki zina tabia gani. Zikija ovyo ovyo, huku na kule, bado kuna uchafu, irudishe ikaoshwe tena. Ikiwa ni mlio mmoja unaorudi kwa kipimo kile kile, kila sekunde 1.8 kwa LP ya mizunguko 33 na theluthi, au kila sekunde 1.3 hivi kwa ya 45, huo ni mkwaruzo unaopita sindano inapomaliza mzunguko. Na kama sauti ya mwimbaji inachanika kila anapopaza, mifuo imeliwa na sindano mbovu za zamani. Hayo mawili usiyatafutie dawa kwenye beseni, na usikubali mtu akuuzie dawa yake.

Maji ya kuoshea mimi huyabadilisha baada ya LP ishirini hivi, na kwa santuri za mtumba hata baada ya nane nikiona mashapo chini ya beseni. Nikimaliza, brashi nazisuuza kwa maji ya betri na kuzilaza nywele zikitazama juu, kisha beseni nalifunika lisiingie vumbi. Nywele zikianza kulala upande mmoja, ni wakati wa brashi mpya. Maji ya kusuuzia hayamwagwi. Nayachuja kwa kitambaa, yanaingia kwenye jerikeni yake yenye alama, na siku inayofuata ndiyo yanayokuwa maji ya raundi ya kwanza.